Mizizi ya Mtaa wa Shukrani

Nchi yetu ni nchi ya amani, na anayebisha hupigwa mpaka akubali. Jina lake silitaji, kwa sababu lilibadilishwa mwezi uliopita na waraka wa jina jipya haujanifikia. Lakini mtaa nitautaja. Ni Mtaa wa Shukrani, nyumba sabini na mbili za wafanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba, zote za bati, zote zimetazama upande mmoja kama wanafunzi mstarini, na kila moja ilikuwa na mti mmoja mdogo mbele ya mlango.

Mimi nilikuwa karani wa mtaa. Kila Jumatatu nilihesabu miti, nikaandika kwamba ni sabini na miwili, nikagonga muhuri.

Miti hiyo tulipandiwa na jeshi. Ziko nchi ambazo majeshi yake hayajapanda hata mchicha. Miaka kumi na moja iliyopita, wanaume wa zamu ya asubuhi walikwenda wote kwa pamoja ofisini kwa meneja kuuliza swali. Siku hiyo kwenye kalenda yetu inaitwa Siku ya Swali, ingawa swali lenyewe halikuandikwa popote. Kesho yake tuliamriwa tufunge milango na madirisha na tusichungulie, kwa sababu Serikali ilitaka kutushangaza kwa zawadi. Siku tatu tulikaa ndani tukisikiliza sururu. Tulipofunguliwa, kila nyumba ilikuwa na mche wa mpera, udongo wake bado mbichi. Mche wa mpera hutaka shimo la futi mbili. Askari wetu walichimba futi sita. Ule ulikuwa upendo.

Wanaume wa zamu ya asubuhi hawakurudi. Redio ilieleza kwamba wamepata kazi nzuri ng'ambo, na kwa ile furaha wakasahau kuaga.

*

Nyumba namba kumi na tisa aliishi Mwalimu Nakijwa, mjane, mstaafu, aliyefundisha somo la kilimo shule ya msingi kwa miaka thelathini na moja. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kusimamisha mbuzi. Nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake, mimi nikiwemo.

Mpera wake haukuwa mkubwa. Haukufika hata ukingo wa bati. Lakini mizizi yake iliingia chini ya kizingiti, ikainua saruji, na mlango ukaanza kiburi. Kwanza ulikataa kufunga. Halafu ukakataa kufunguka. Mwalimu aliandika barua Idara ya Vivuli, ambayo ndiyo hushughulikia miti yote ya Serikali, akiomba aung'oe. Aliandika kwa miaka sita. Mwaka wa saba jiko lake la mafuta ya taa lililipuka yeye akiwa ndani, na mlango, kama kawaida yake, ukakataa. Tuliuvunja kwa mtaimbo. Alitoka akiwa hana nyusi na ngozi ya shingo imeachia.

Wiki mbili baadaye alikuja ofisini kwangu na bandeji shingoni.

"Bwana Lukindo, nipe kibali."

"Mwalimu, kibali hutoka Idarani."

"Idara imesemaje?"

Barua ilikuwa imefika siku ile ile. Nikamsomea: "Mti wa Serikali hausumbui. Endapo mlango unagombana na mti, mlango uhamishwe. Mwombaji achunguzwe."

Akakaza bandeji yake. Kisha akasema, "Basi Jumamosi naung'oa mwenyewe."

"Mwalimu, hilo sikulisikia."

"Hata darasa la nne ulikuwa husikii," akasema, akaondoka.

*

Jumamosi asubuhi alitoka amevaa ovaroli la marehemu mumewe, akapanga vifaa vyake barazani kama daktari wa upasuaji: msumeno, panga, shoka, sururu, chepe, mtaimbo na kamba ya katani. Kumsaidia alikuja jirani yake wa namba ishirini, Sijaona.

Sijaona alikuwa mke wa rafiki yangu Chandua, mwendesha mashine wa zamu ya asubuhi, mcheshi, ambaye mashine ya kuchambua pamba ilimla vidole viwili vya mkono wa kushoto hata kabla hawajaoana. Tangu Chandua "apate kazi ng'ambo", Sijaona aliniuliza kila tulipokutana, "Shemeji, posta hakuna kitu?" Nami kila mara nilijibu kwamba ng'ambo ni mbali. Aliniuliza hivyo miaka kumi na moja, bila kupandisha sauti.

Mimi nilisimama kwenye ua, nikitazama kwa niaba ya Serikali.

"Tawi halikatwi kama unachinja kuku," Mwalimu alimwambia Sijaona. "Kwanza chini yake, msumeno uingie theluthi ya unene. Kisha ndipo ukate juu, mbele kidogo ya pale. Ukianzia juu, tawi litaanguka na ganda la shina, utakuwa umeuchuna mti mzima. Hata unayemwondoa, mwondoe kwa heshima."

Walipunguza matawi kuanzia kileleni, moja baada ya jingine. Saa nne mpera ulibaki fimbo nene iliyosimama.

"Sasa nalikata shina hapa chini?" Sijaona akauliza.

"Mjinga ndiye hukata chini, halafu akabaki anakikuna kisiki kwa kucha. Liache lifike kiunoni. Hilo ndilo mpini wako."

Wakachimba mfereji kulizunguka, wakakata mizizi ya pembeni kwa shoka, wakafunga kamba juu ya shina, wakaanza kulitikisa: huku, kule, huku, kule. Halikuja. Sijaona alitaka kulivuta kwa hasira.

"Usipigane nalo," Mwalimu alisema. "Tafuta kinacholishika."

Akaingia mferejini, akapitisha mkono chini ya kisiki, akapapasa. Nikaona uso wake umebadilika. Alichukua mtaimbo, akauweka mahali pake, akaegemea kwa uzito wake wote, na shina likainuka polepole, limekumbatia kifua cha mtu.

Mizizi ilikuwa imepita katikati ya mbavu na kutokea upande wa pili. Mikono ilikuwa nyuma, imefungwa kwa waya wa umeme. Fuvu lilibaki shimoni, na kisogoni lilikuwa na tundu dogo la duara.

Nilidhani Sijaona atapiga kelele. Aliruka shimoni, akapiga magoti, akautafuta mkono wa kushoto kati ya mizizi. Akaufuta udongo kwa upindo wa khanga, akahesabu.

"Vitano," akasema. "Siye."

Kisha akakaa chini pale pale, akacheka, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine. Aliniambia baadaye kwamba alimwonea wivu mwanamke asiyemjua, mwenye mume mwenye vidole vyote, aliyepatikana.

Mwalimu Nakijwa alimwacha mpaka alipotulia.

"Mwalimu," Sijaona akasema, akisimama, "naazima msumeno."

"Chukua. Anza na matawi."

*

Mimi nilifanya kile ambacho karani hufanya. Nilikwenda ofisini, nikapiga simu Idarani.

Nilipotoka, misumeno ilikuwa inalia nyumba tisa. Habari haikuhitaji miguu. Nyumba zetu zimeshikana. Wanawake walikuwa wanakata matawi wakiwa wamefunga vitenge viunoni, na fundi baiskeli wa namba arobaini, Mzee Bahebe, ambaye kaka yake alikuwa zamu ya asubuhi, alikuwa anachimba bila kwanza kukata chochote, kama mtu anayemwokoa aliyefukiwa jana.

Saa sita alifika Mkurugenzi wa Vivuli, Dakta Ponsiano Mtitu, na gari lenye kipaza sauti. Alikuwa mtu mnene mwenye viatu vyeupe, na udaktari wake alitunukiwa na Idara yake mwenyewe. Alishuka, akaenda moja kwa moja namba kumi na tisa, akainama juu ya shimo na kioo cha kukuzia, akatazama kwa muda ambao heshima ilihitaji.

"Ndugu wananchi!" akasema kwenye kipaza sauti. "Msiwe na hofu! Wataalamu wetu wameliona jambo hili na wamelielewa. Mpera ukikosa mbolea inayotolewa na Serikali huota mizizi yenye umbo la kibinadamu. Ni jambo la kawaida kabisa katika nchi zinazoendelea kwa kasi!"

Mwalimu Nakijwa aliliinua fuvu. "Na haya meno, Mheshimiwa?"

"Vinundu."

"Na huu waya?"

"Ipo mizizi hujifunga yenyewe. Tabia ya mmea."

"Nimefundisha kilimo miaka thelathini na moja," Mwalimu akasema, na sauti yake haikuhitaji kipaza. "Nimeona mizizi ya kila namna. Lakini sijapata kuona mzizi uliopigwa risasi ya kisogo."

Dakta Mtitu aliifunga kalamu yake, akaifungua, akanigeukia mimi.

"Karani. Andika: Mizizi, aina ya kawaida."

Nikaandika.

"Ongeza: Kuanzia leo, chochote kitokacho chini ya mti wa Serikali ni mzizi, na kitaitwa mzizi, na atakayekiita vinginevyo atakuwa amekosa adabu kwa mimea ya taifa. Gonga muhuri."

Nikagonga. Muhuri ulitoka vizuri sana, herufi zote zilisomeka. Nikaubandika waraka ule ubaoni, nje ya ofisi yangu, kwa pini nne.

Kisha akaamuru mizizi yote ikatwekatwe na kuchomwa.

*

Waliokuja kukatakata walikuwa askari thelathini na Kapteni Nsolo. Huyu Nsolo shuleni alikaa dawati la nyuma yangu. Alikuwa na mwandiko mzuri.

Walianza kwa kukusanya vifaa. Mama mmoja wa namba thelathini na tatu alikataa kuachia panga, wakampiga kwenye mtulinga wa bega kwa mpini wa sururu. Niliusikia mfupa nikiwa ng'ambo ya barabara. Mzee Bahebe aliukumbatia mtaimbo wake, wakamkanyaga vidole mpaka vikalegea. Walipomnyang'anya Sijaona chepe, akachukua mfuniko wa sufuria akaendelea kuchimba. Askari aliupiga teke ule mfuniko, naye akaendelea kwa mikono.

Namba kumi na tisa, Mwalimu Nakijwa aliingia shimoni akalala kifudifudi juu ya ile mifupa. Naomba radhi: juu ya ile mizizi.

Kapteni Nsolo alisimama ukingoni, akavua miwani ya jua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Nsolo. Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu sana. Naomba utoke shimoni."

"Sitoki."

"Mwalimu, nina amri."

"Na mimi nina mgeni."

Kapteni alitazama pembeni, akaashiria kwa kidole. Askari wawili wakashuka. Walijaribu kumwinua, akawashinda kwa ule ukavu wake. Mmoja akachukua mpini wa sururu, akampiga mkono wa kuume juu ya kiwiko. Akampiga tena. Mkono ukageukia upande ambao mikono haigeukii.

Mwalimu aliinua uso, midomo imemjaa udongo.

"Unaanzia juu, Nsolo," akasema. "Nilikufundisha nini?"

Kapteni alimpiga risasi moja. Kisha akampigia saluti.

Ule mlio ndio uliofungua kila kitu. Mzee Bahebe, kwa vidole vyake vilivyovunjika, alikwapua mtaimbo mikononi mwa askari akauchomeka katika mguu wa yule askari, kiatu na mguu na ardhi. Wanawake wa upande wa juu walishuka na magongo ya mpera, magumu kama chuma, na nilimwona askari mmoja ameshika shavu lake lililokuwa linaning'inia, akijaribu kulirudisha mahali pake kwa utaratibu. Mwingine alipasuliwa kichwa kwa chepe, na aliyempasua alikuwa bibi mwuza maandazi ambaye hajawahi kumjibu mtu vibaya. Mawe yalipiga bati, yakapiga kofia za chuma, yakapiga meno. Askari wakafyatua. Walifyatua kwa muda wa dakika kumi hivi, kwanza juu, halafu si juu. Watu walianguka ndani ya mashimo waliyokuwa wamejichimbia wenyewe. Mtu aliyekimbilia chooni alipigwa risasi huko huko, kupitia mlango.

Mimi nilikuwa chini ya meza yangu, nimeshika muhuri.

*

Saa mbili usiku redio ilitangaza kwa masikitiko kwamba wakazi ishirini na watatu wa Mtaa wa Shukrani wameangukiwa na matawi kwa sababu ya kupogoa bila utaalamu. Mti mrefu kuliko yote pale mtaani ungeweza kuuchuma kileleni kwa kusimama juu ya kigoda. Daktari wa hospitali ya wilaya alijaza vyeti vyote: sababu ya kifo, tawi. Mmoja aliyekuwa na matundu matano alimwandikia matawi matano, kwa kuwa alikuwa daktari makini.

Maiti ishirini na mbili zilipakiwa kwenye lori. Mwalimu Nakijwa walimwacha shimoni; walimrushia matawi ya mpera wake, wakaona inatosha. Kapteni aliweka kizuizi kwenye njia pekee ya kutoka mtaani, gogo juu ya mapipa mawili, na amri ikasomwa: haitoki maiti, hatoki mtu aliyejeruhiwa, haitoki picha. Jumatatu lingekuja tingatinga kusawazisha bustani zote.

Kwa hiyo ilibaki Jumapili.

Jua lilipotoka nilimsikia Sijaona anachimba. Sauti ilikuwa ya mikono, si ya jembe. Nilikaa kitandani, nikaisikiliza. Nilijiambia kwamba mimi ni karani. Nilijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara ilisikika ndogo zaidi. Mwishoni nikatoa chepe uvunguni, maana nyumba ya karani haikupekuliwa, nikaenda namba ishirini.

Sijaona alikuwa ndani ya shimo mpaka kifuani. Kucha zake zilikuwa hazipo.

"Shemeji," akasema bila kugeuka, "umekuja kuhesabu?"

"Nimekuja kuchimba."

"Ni wewe uliyepiga simu."

"Ni mimi."

Alinitazama. Nilingoja anipige, na nadhani alilifikiria. Kisha akasogea, akanipa nafasi.

Tulimpata kwenye futi ya tano. Alilala ubavu, na mkono wa kushoto ulikuwa juu, kwa hiyo hatukuhitaji kutafuta. Vidole vitatu. Sijaona aliutoa ule mkono udongoni, akaushika kwa mikono yake miwili kama mtu anayesalimiana na mkubwa.

"Kumbe ulikuwa hapa," akasema. "Miaka kumi na moja naanika nguo juu yako."

Nikatoka shimoni ili awe peke yake. Nje, nyumba hadi nyumba, watu walikuwa wanachimba kwa vijiko, kwa vifuniko, kwa vipande vya bati, na hakuna aliyekuwa akilia kwa sauti, kwa kuogopa askari wa pale kwenye kizuizi. Walikuwa wanatoa watu wao na kuwalaza kwenye khanga. Walipomaliza, walisimama na vifurushi vyao wakitazama lile gogo. Sote tulijua amri.

Nilipita mbele ya ofisi yangu, nikauona waraka wa Mkurugenzi ubaoni. Niliusoma mara moja. Nikausoma tena, taratibu, kama karani.

Kisha nikaingia, nikafungua kabati, nikatoa kitabu cha fomu za kusafirisha mazao ya miti. Zipo za kuni, za mkaa, za magome ya dawa. Katika sehemu ya aina ya zao niliandika: Mizizi, aina ya kawaida. Niliandika fomu sitini na nane, maana chini ya miti minne hapakuwa na mtu, na nikazigonga muhuri zote. Kwenye ya sitini na tisa nilifikiri kidogo, nikaandika: Shina.

*

Tuliondoka baada ya saa sita, wote kwa pamoja, vifurushi vichwani na mabegani. Mbele alikuwa Sijaona. Nyuma yake Mzee Bahebe, mkono ulioumia ameuficha ndani ya shati, alivuta mkokoteni kwa ule mwingine. Juu ya mkokoteni alilala Mwalimu Nakijwa ndani ya mkeka, amefunikwa matawi ya mpera.

Bunduki ziliinuka. Kapteni Nsolo akaja mbele.

"Mnabeba nini?"

"Mizizi, afande," akasema Sijaona.

"Mizizi ya nini?"

"Ya kuchemsha. Nina tumbo la siku nyingi."

Kapteni alifunua khanga kwa ncha ya bunduki. Alitazama.

"Huu una vidole."

"Vinundu," nikasema, nikampa fomu. "Na huu hapa ni waraka wa Mheshimiwa Mkurugenzi, afande. Chochote kitokacho chini ya mti wa Serikali ni mzizi. Atakayekiita vinginevyo amekosa adabu."

Aliusoma. Akausoma mara ya pili, na nikaona midomo yake inatafuna maneno. Alitoa simu, akampigia Dakta Mtitu, akasimama kikakamavu kana kwamba anaonekana.

"Mheshimiwa, wananchi wanatoka... Ndiyo, wote... Wanasema ni mizizi, Mheshimiwa... Nimeona... Ndiyo, nimeona kwa macho, lakini waraka wako... Niwazuie? Sawa, Mheshimiwa. Niandike wamezuiwa kwa kubeba nini?"

Kuku alivuka barabara, akarudi. Nilikuwa namwona Mkurugenzi kwa akili yangu, mdomo wazi, akitafuta neno. Simu ikakatika.

"Mizizi si kosa," Kapteni akasema hatimaye, kama mtu anayesoma lugha ya kigeni. Kisha akauona mkokoteni. "Na hicho?"

Mzee Bahebe ndiye aliyefungua kinywa.

"Hilo ni shina, afande. Limekatwa jana."

Kapteni alisogea. Matawi hayakutosha kufunika kila kitu. Kwa chini ulionekana upindo wa ovaroli na wayo mdogo, mkavu. Alisimama juu yake kwa muda. Alivua kofia, akaivaa tena. Fomu ya mwisho ilikuwa mkononi mwangu na nilimnyooshea. Aliipokea, akaweka sahihi yake chini, kwa ule mwandiko mzuri. Akaliondoa gogo mwenyewe.

Tulipita. Hakuna aliyeangalia nyuma, na hakuna aliyepiga risasi. Kwenye njia panda tuliachana bila kuagana sana. Kila ukoo ulichukua wake, ukampeleka kwao, wengine kwa basi, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu. Sikumwuliza mtu yeyote anakokwenda. Sijaona aligusa bega langu kwa mkono wake usio na kucha, akaenda.

*

Jumatatu tingatinga lilikuta mashimo matupu, na Jumanne walinifuata mimi.

Idara ya Vivuli haina vifaa vya mahojiano, kwa hiyo ilitumia mkasi wa kupogolea. Dakta Mtitu aliongoza kikao mwenyewe. Alikuwa bado amevaa viatu vyeupe. Pembeni, kwenye meza ndogo, alikaa karani wa Idara, binti mwenye miwani, akiandika kila swali na kila jibu kama utaratibu unavyotaka.

"Mmeipeleka wapi?"

"Nini, Mheshimiwa?"

"Mizizi!"

"Imekwenda kuchemshwa, Mheshimiwa. Dawa ya tumbo."

Wakanikata kidole kidogo cha mkono wa kuume. Mkasi ule ulikuwa butu na walilazimika kuubana mara tatu. Nilitapika kwenye viatu vyeupe. Maji yakaletwa, nikamwagiwa, swali likarudiwa, nami nikarudia jibu, kwa sababu fomu zilisema mizizi, na fomu zilikuwa na muhuri, na ya mwisho ilikuwa na sahihi ya Kapteni.

"Yote mmeichemsha? Sitini na minane?"

"Mtaa wetu una matumbo mabaya sana, Mheshimiwa."

Kidole cha pili. Sikumbuki nilipiga kelele gani. Nakumbuka kwamba binti mwenye miwani aliinua macho, akayainamisha tena, na kalamu yake haikusimama.

Dakta Mtitu alinishika kola, akanivuta hadi pua zetu zikagusana. Jasho lilikuwa linamtiririka. Jeshi lilikuwa linamwuliza, Ikulu ilikuwa inamwuliza, na kesho yake wageni wa nchi za nje wangefika kuuliza.

"Usinichezee!" akapiga kelele. "Wale watu! Wale watu tuliowaua, mmewazika wapi?"

Askari aliyeshika mkasi aliushusha. Mkurugenzi aliniachia kola polepole, akageuza kichwa kuelekea meza ndogo.

Binti aliinua kalamu. "Mheshimiwa," akauliza kwa adabu, "hapo niandike mizizi, au niandike kama ulivyosema?"

Dakta Mtitu alifungua mdomo, na hakikutoka kitu. Karani aliyefunzwa vizuri, asipopata jibu, huandika alichosikia.

Akaandika.